Karakana ndogo ya kuunganisha bodi za saketi: anza na friji, mashine baadaye

Wakuu, kila anayenitafuta kuniuliza habari ya kuunganisha bodi mwenyewe huwa anaanza na swali moja tu, ile mashine ya kupachika vipuri inauzwa shilingi ngapi. Na mi kila mara namrudishia swali, pesti yako, ile solda laini ya kupaka, utaiweka wapi? Wengine wanaona nawazungusha, ila nawaambia ukweli, nimeona watu wawili wamenunua mashine kabla ya kuwa na friji na AC na zote mbili saivi zimefunikwa turubai.

Sisi tuko watatu, chumba cha mita 3 kwa 4 Sinza, tunatengeneza kontrola za pampu za maji, zile zinazozima pampu tangi likijaa au kisima kikikauka. Bodi moja ina vipuri 62 vya kubandika juu na 9 vya miguu. Mwanzo tulikuwa tunachomelea kila kitu kwa mkono, solda gani (chuma cha moto cha kuchomelea) na kibano, bodi moja inakula karibu saa nzima alafu ukiinuka hapo shingo haigeuki. Tulivyohamia kwenye pesti, stensili (bati lenye matundu la kupakia pesti) na oveni tukafika bodi 40 kwa siku, na hapo mashine ya kupachika bado hatuna, ni mikono tu. Mashine tumekuja kununua mwaka wa pili.

Kwanza ujipime kama unaihitaji hii kitu. Kama unataka bodi 10 za majaribio, chomelea kwa mkono maisha yaendelee. Kama unataka elfu 5 za aina moja ambazo hazibadiliki, peleka kiwandani, Shenzhen wapo wa kumwaga na hata hapo Nairobi Gearbox Europlacer wana mashine za kazi hiyo. Karakana yako inalipa hapo katikati, bodi 30 mpaka 300 kwa mwezi, muundo unabadilika badilika, mteja anataka mzigo Ijumaa na we huwezi kumwambia subiri ndege kutoka China alafu subiri forodha.

Bodi yenyewe kwanza

Kabla hujanunua hata kibano fungua programu yako ya kuchora, KiCad au yoyote unayotumia, uichore upya bodi ukiwa unafikiria mikono itakayoipanga. Vipuri vya saizi 0603 au 0805, usijidai na 0402 kama hakuna kinachokulazimisha, manake 0402 ukipiga chafya imepotea. Vya kubandika vyote viwe upande mmoja, ukiweka pande mbili umejiongezea kazi mara mbili na bado vya upande wa chini vikiwa vizito vitadondoka kwenye oveni.

Alafu punguza aina. Hili halina gharama na ndo lilotusaidia kuliko vyote. Bodi yetu ya kwanza ilikuwa na rezista za kilo-om 10 (sisi tunasema kilo tu), kilo 9.1, kilo 5.1, kilo 4.7, yani kila mtu aliyepita pale aliacha thamani yake aliyoipenda. Tulikaa jioni moja tukajiuliza hii kilo 9.1 ikiwa 10 kuna kitu kitaharibika? Hakuna. Tukashuka kutoka aina 23 hadi 14. Hiyo maana yake ni mifuko 9 ya kununua imepungua, mifuko 9 ya kuchanganya imepungua, na siku ukinunua mashine ni fida 9 (vifaa vya kulisha mashine mkanda wa vipuri) ambazo hutazilipia.

Agiza bodi zikiwa zimeunganishwa kwenye paneli, sisi tunaweka 10 kwa paneli moja, zinakatwa kwa mfereji wa V, pembeni acha ukanda wa milimita 5 kila upande usio na kitu, na kwenye huo ukanda weka alama tatu za duara za shaba zenye kipenyo cha milimita 1, rangi ya kijani iondolewe kuzizunguka mpaka milimita 2 hivi. Saivi utaona hazina kazi, ila kamera ya mashine bila hizo alama ni kama kipofu, na kuzichora leo ni bure.

Kitu kingine, pedi (vipande vya shaba ambavyo kipuri kinakalia) zinazoingia kwenye shaba kubwa ya nchi, yani graundi, ziunganishe kwa vijimkono vyembamba, sio kuzizamisha moja kwa moja. Pedi moja ikiwa kwenye shaba kubwa na nyingine iko kwenye waya mwembamba, joto haliingii sawa, upande mmoja unayeyuka kwanza unakivuta kipuri kinasimama wima. Sisi tunaita mshumaa. Ukiona mishumaa mingi sehemu ileile kila bodi, usimlaumu anayepachika, rudi kwenye mchoro.

Chumba

Hapa nitakuwa mfupi. AC lazima, sio anasa. Pesti inataka chumba chenye nyuzi kati ya 20 na 27 hivi, Dar ya Februari chumba bila AC ni 33 na pesti inalegea inajimwaga kwenye pedi za jirani. Feni ya dari zima kabisa, ng'oa hata swichi, feni inapeperusha rezista kama pumba. Sakafu iwe vigae vya rangi moja, ukidondosha kitu unakiona.

Umeme wa chumba muombe fundi aweke fimbo ya athi ya kweli kwenye ardhi na upime mwenyewe, kuna mafundi wanaunganisha athi na nyutro ndani ya soketi wanakwambia tayari bosi, huo ni mtego wa kuua mtu. Kwenye meza weka mkeka wa kuondoa chaji na bangili ya mkononi, bangili halisi ina rezista ya mega-om 1 ndani, pima kwa mita kabla hujavaa, kuna feki ambazo ni waya mtupu. Mtu atakwambia Dar kuna unyevu hakuna chaji tuli, sawa, ila umesahau umewasha AC na AC inakausha hewa.

Harufu ya moshi wa solda unaoumiza kifua ni flaksi (dawa ya kusafisha chuma ili solda ishike), sio madini, kwahiyo weka feni ndogo ya kuvuta nje ya dirisha. Na madini yenyewe yanaingia mwilini kwa vidole, mtu anashika pesti alafu anashika chapati. Sheria yetu ni hakuna chakula chumbani na sabuni ipo mlangoni.

Sasa pesti

Hii ndo sehemu ambayo karakana inakufa au inapona. Pesti ni unga wa solda wenye mipira midogo sana, aina ya nne ni kati ya mikroni 20 na 38, umechanganywa na flaksi. Sio grisi. Ni kitu kinachoharibika kama maziwa.

Kuna yenye risasi na isiyo na risasi, na najua mtaani solda yote tunaita risasi hivo inakuwa kama kusema chai isiyo na chai, ila elewa hivi. Ya kizamani ni bati 63 na risasi 37, inayeyuka kwenye nyuzi 183, inasamehe makosa, inang'aa. Isiyo na risasi inayotumika sana ni SAC305, bati na fedha asilimia 3 na shaba 0.5, inaanza kuyeyuka 217, na oveni ya bei rahisi inahema kuifikisha. Ipo na ya bati na bismathi, inayeyuka 138 tu, watu wanaipenda kwa hilo ila maungo yake ni makavu, yanapasuka bodi ikianguka. Na tena bismathi ikikutana na risasi, mfano bodi zako zimeagizwa zile za bei ya chini kabisa ambazo pedi zimepakwa solda yenye risasi, inazaliwa aloi inayoyeyuka kwenye nyuzi 96 hivi. Kontrola ya pampu iliyofungwa kwenye boksi juani alafu ina relei (swichi ya umeme) inayopata moto, mi sitaki hata kuifikiria.

Kama unauza hapa nyumbani na unajifunza, anza na 63/37. Kama unaota kuuza Ulaya jifunze SAC305 mapema, kule risasi ikizidi asilimia 0.1 hairuhusiwi.

Sasa friji. Nyuzi 2 mpaka 10, sio friza. Friji ndogo ya hotelini inatosha ila iwe ya pesti peke yake, sio pesti na soda na samaki. Kopo kubwa la gramu 500 linakudanganya kwa bei, pesti kwa kawaida maisha yake ni miezi 6 tu na we unatumia gramu 60 kwa mwezi, zaidi ya robo utatupa. Nunua sirinji au makopo madogo. Vile vikopo vya mafundi simu vinavyokaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua, kwa kutengeneza simu sawa, kwa stensili hapana, flaksi imeshakauka zamani. Tukiagiza nje huwa tunaenda kuchukua wenyewe na boksi la baridi lenye barafu, wafanyakazi wa mapokezi wanadhani tumekuja kuchukua chanjo.

Siku ya kazi itoe kwenye friji saa 4 kabla, ikiwa imefungwa. Namaanisha masaa manne, sio saa nne asubuhi, niliwahi kuandika hivo kwenye karatasi ya ukutani kijana akaitoa saa nne kamili na kazi inaanza saa nne na nusu. Alikuwa sahihi kabisa, kosa langu. Kilichotokea ni kwamba kopo la baridi likifunguliwa kwenye hewa ya Dar linatoka jasho, maji yanaingia kwenye pesti, kwenye oveni yale maji yanachemka yanarusha vipira vya solda kila kona. Tulikaa siku mbili kwenye darubini tukiokota vipira kwa sindano. Tangu hapo karatasi inasema itoe saa moja asubuhi, fungua saa tano.

Andika tarehe mbili juu ya kopo, ya kuingia na ya kufunguliwa. Na pesti iliyoshakaa kwenye stensili hairudi koponi hata kama inaonekana nzima, weka kwenye kopo lake la jioni au tupa kwenye ndoo ya taka za risasi.

Stensili na kupaka

Stensili agiza pamoja na bodi, chuma cha pua cha unene wa milimita 0.12, kama una aisii (chipu) zenye miguu ya karibu sana chukua 0.10. Isiyo na fremu ni rahisi kwa usafiri. Kuishikilia hauhitaji mashine, chukua bodi mbovu za unene uleule, kawaida 1.6, zigundishe mezani kwa tepu zikizunguka paneli yako kama fremu ya picha, paneli ikae katikati bila kucheza, stensili ibane kwa tepu upande mmoja iwe kama jalada la daftari, unafunua na kufunika.

Kisu cha kupakia kiwe cha chuma. Kadi ya benki iliyokwisha muda inafanya kazi mara chache za kwanza, baadae inapinda na inachimba pesti kutoka kwenye matundu makubwa. Weka pesti mstari mmoja, unene wa kidole, inamisha kisu kama nyuzi 60, pita mara moja kwa mkono usiotetemeka. Angalia pesti mbele ya kisu, inatakiwa ibingirike kama ugali unaougeuza kwa mwiko, ikiburuzika tu imekauka au ni ya baridi bado. Nyuma ya kisu chuma kibaki safi. Alafu inua stensili wima, taratibu, sio kuichapa pembeni.

Na hapa wengi wanaharakisha, usipachike hata kipuri kimoja kabla hujaangalia kwa darubini. Pesti ikikaa vibaya saivi ni kufuta kwa kitambaa na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, unapaka tena, dakika mbili. Ukiligundua kosa lilelile baada ya oveni ni nusu saa ya kuchokonoa. Ukimaliza paneli 5 hivi futa stensili kwa chini, kuna pesti inajipenyeza huko inaanza kuunganisha miguu ya aisii.

Zile aisii zenye pedi kubwa tumboni, usiache tundu moja kubwa la stensili, ligawe madirisha manne madogo pesti ifunike kama asilimia 60 ya pedi. Ikijaa sana aisii inaelea kama mtumbwi na miguu ya pembeni haigusi.

Kupachika kwa mikono

Tulitangaza nafasi, wakaja vijana wenye vyeti vya elektroniki, mikono yao mizito. Anayepachika vizuri kuliko wote karakana nzima ni dada aliyekuwa anasuka nywele Mwenge, twende kilioni za mistari midogo midogo. Mtu aliyezoea kugawa nywele kwa vidole masaa sita bila kuchoka, rezista ya 0603 kwake ni kubwa. Nawaambieni kabisa mkitafuta watu tafuteni huko.

Utaratibu wake ni huu, usipachike bodi moja mpaka iishe, pachika aina moja kwenye paneli nzima. Kapasita zote za nanofaradi 100 bodi zote 10, alafu rezista za kilo 10 zote, unamaliza na aisii. Chapisha ramani ya bodi kwenye karatasi kubwa, kila aina na rangi yake, na mezani awepo mfuko mmoja tu wa vipuri kwa wakati, mwingine uko kwenye sanduku. Kapasita hazijaandikwa kitu juu, mifuko miwili ikichanganyika hakuna macho yatakayozitenganisha, utapima moja moja. Kalamu ya kufyonza hewa ni nzuri kwa aisii, kwa rezista kibano kilichopinda ncha kina kasi zaidi.

Wawili wakizoea, kila mmoja anaweka kama 300 kwa saa. Pesti nyingi zinakaa vizuri masaa kadhaa baada ya kupakwa ila usilale nayo, ulichopaka leo kiingie oveni leo.

Oveni

Zile oveni ndogo za droo za taa za joto, mfano wa T-962A wa wati 1500, zinafaa kuanzia ukijua tabia zake. Joto lake halilingani, katikati ni moto kuliko kwenye kona, na namba inayoonekana kwenye kioo sio joto la bodi yako. Baadhi zinakuja na tepu ya karatasi ndani inayoungua inatoa harufu, fungua uitoe ubadilishe na tepu ya njano ya kapton. Jiko la mikate la nyumbani nalo linafanya kazi ukiliwekea kidhibiti, ila likishapita pesti lisirudi jikoni milele.

Nunua waya wa kupimia joto wa aina ya K, uubandike juu ya bodi mbovu karibu na kipuri kikubwa, endesha oveni ukiandika joto kila sekunde 10. Kwa 63/37 unatafuta hivi: panda nyuzi 1 mpaka 2 kwa sekunde mpaka 150, tembea taratibu 150 mpaka 180 kwa kama sekunde 90 ili flaksi ifanye kazi yake na bodi nzima ilingane, vuka 183 na ukae juu yake sekunde 45 mpaka 75, kilele 210 mpaka 220, shuka bila kuzidi nyuzi 4 kwa sekunde. SAC305 kilele ni 240 hivi. Mara ya kwanza itakataa, punguza mzigo, weka paneli katikati, jaribu tena. Sisi tulitumia bodi mbovu 7 kabla hatujaridhika.

Umeme ukikatika katikati ufanyeje? Inategemea umekatika wapi. Kama solda imeshayeyuka usiguse droo kabisa, maungo bado ni maji, ukitikisa vipuri vinahama, acha dakika tano. Kama haijayeyuka, bodi imefika 170 imeganda hapo, flaksi imeshachoka, ukirudisha tu kwenye oveni maungo yanatoka kama mchanga. Sisi tunapaka flaksi ya jeli kwa brashi kwenye miguu, tunarudisha mara moja, alafu hiyo paneli inakaguliwa mara mbili. Ila dawa yenyewe ni inveta. Watu wanaogopa wakisikia wati 1500, ila piga hesabu, mzunguko mmoja ni dakika 6, hata oveni ikivuta yote muda wote ni kilowati-saa 0.15. Betri ya lithiamu ya volti 24 ampea-saa 100 ina karibu 2.4, yani mizunguko 10 unapiga bila wasiwasi. Inveta ya kVA 3 inatosha, zima tu AC na birika.

Unyevu na mzigo wa forodha

Hiki kitu nilikidharau kikaniumiza. Aisii nyingi zinakuja kwenye mfuko wa fedha uliofyonzwa hewa na zimeandikwa MSL 3, ni kiwango cha kuhimili unyevu, maana yake ukishafungua una masaa 168 tu, na hayo masaa yamehesabiwa kwa chumba cha nyuzi 30 na unyevu asilimia 60. Dar mara nyingi unyevu unapita 70, kwahiyo hesabu yako ni fupi zaidi. Plastiki inanyonya maji, kwenye oveni maji yanakuwa mvuke, aisii inapasuka ndani kama bisi na kwa nje unaweza usione chochote. Inakufa kwa mteja mwezi wa pili.

Ukifungua mfuko chukua unazohitaji, zilizobaki ziingie kwenye ndoo yenye mpira mdomoni pamoja na silika jeli na kadi ya kuonyesha unyevu, kadi ikibadilika rangi kausha jeli. Aisii iliyokaa nje muda mrefu inaokwa nyuzi 125 masaa 24 ila hiyo ni kwa zilizo kwenye trei ya kuhimili joto, ukiweka rili ya plastiki (gurudumu la mkanda wa vipuri) utatoa keki, rili zinaokwa nyuzi 40 siku nyingi. Bodi tupu nazo zifunge, zikilowa zinavimba tabaka.

Kuagiza, ongeza asilimia 10 kwenye rezista na kapasita manake zinapotea, aisii ongeza mbili tatu. Na invoisi yako isiandikwe tu vifaa vya elektroniki, hapo unampa ofisa nafasi ya kukisia. Bodi tupu zinaingia 8534, aisii 8542, rezista 8533, kapasita 8532, dayodi na transista 8541. Mwambie muuzaji aandike kila mstari na namba yake, VAT ya asilimia 18 ipo palepale ila ubishi unapungua sana.

Kukagua

Darubini ya macho mawili, ukuzaji wa 7 mpaka 45, hii usibane hela. Kamera za USB zinachelewesha picha, ukichomelea chini yake mkono unapotea. Angalia miguu ya aisii kama imeshikana, mishumaa, kipuri kilichogeuka. Miguu iliyoshikana ni flaksi nyingi na solda gani safi, unaburuza mara moja, imeachana.

Vya miguu, relei na tereminali, ndo vinachomelewa mwisho kwa mkono, ncha nyuzi 330 hadi 350 kwa solda yenye risasi. Relei isiyozibwa usiioshe kwa kuitumbukiza kwenye alkoholi, inaingia ndani inabeba uchafu kwenye kontakti, sisi tuliosha 20 kwa bidii zote tukazing'oa zote.

Kuwasha mara ya kwanza tumia pawasaplai yenye kikomo cha ampea, weka miliampea 100, ikigota hapo kuna shoti na hakuna kilichoungua. Baadae tengeneza kitanda cha pini za springi, bodi inalala juu inawekewa programu na kupimwa kwa sekunde 20. Kila bodi na namba yake, kila kosa kwenye daftari. Daftari letu ndo lilituambia kwamba matatizo mengi yalikuwa ya pesti na machache sana ya kupachika, ndo maana hamu ya mashine ikapungua.

Mashine, sasa

Siku utakapoona oveni inasubiri, stensili imeshaoshwa, na wapachikaji ndo wanaochelewesha mzigo, hapo sasa nunua. Za mezani zipo, LumenPnP ya Opulo ambayo michoro yake iko wazi na inaendeshwa na programu ya OpenPnP, kipuri kikivunjika unachapisha kwa printa ya 3D, zipo za NeoDen na CharmHigh kutoka China ambazo zinakuja zimekamilika zaidi. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi igawe kwa mbili. Mashine kubwa zilizotumika za viwandani zinavutia kwa bei, ila ulizia uzito, umeme wa fezi tatu, na kompresa yenye kukausha hewa kwa sababu hewa yetu ya pwani inajaza maji kwenye tanki, na ulizia fida kabla ya yote, fida zinaweza kukugharimu kuliko mashine yenyewe.

Mkanda wa vipuri nunua mrefu, vipande vifupi mashine haivipendi, mwanzoni inakula sentimita kadhaa kabla haijashika. Rili ya rezista 0603 ni vipande 5000, itakukalisha miaka na bei yake ni ndogo.

Kinachosumbua wiki ya kwanza ni mzunguko, yani kipuri kimeelekea wapi. Programu ya kuchora inasema aisii iko nyuzi 0, kwenye mkanda imelala nyuzi 90, na mashine haina aibu, itaipachika kinyume bodi zote 10 kwa uzuri kabisa. Kwahiyo paneli ya kwanza usipake pesti. Bandika tepu ya pande mbili juu ya bodi tupu, iache mashine ipachike juu ya tepu mpaka mwisho, alafu kaa na darubini na mchoro, angalia nukta ya mguu wa kwanza kwenye kila aisii na mstari kwenye kila dayodi. Sisi mara ya kwanza tulikuta dayodi zote nne zimegeuka. Tukarekebisha, tukabandua, tukaweka tepu nyingine, mara ya tatu ikatoka sawa, ndo tukaenda kutoa pesti kwenye friji na kusubiri masaa yake manne.